Modemu ya siri si ya ridhaa

Haya wadau, bumu halijatoka na madesa yamejaa mezani, lakini leo lazima niseme hili maana limenikaa kooni. Kuna jamaa wa uhandisi hapa hosteli wanadai ati kutuma data kwa redio ya masafa mafupi bila modemu ya Pactor ni utoto. Nakataa. Nakataa kabisa.

Kwa ambao hawajui tunabishana nini: watu wa redio ya ridhaa, wale wenye leseni na alama za wito (za Tanzania huanza na 5H), wanaweza kutumiana barua bila waya wala mnara wa simu. Modemu inageuza herufi kuwa milio, redio inairusha, mawimbi yanapanda hadi ionosfia huko juu na kurudi ardhini mbali kabisa, hata nchi nyingine. Pactor inafanya kama mwalimu wa imla: anasoma sentensi fupi, anasimama, "mmeandika?" Wakikosa, anarudia. Ndiyo maana ujumbe unafika salama hata hewa ikiwa na makelele. Hapo sina ugomvi, kazi ni safi.

Ugomvi uko kwenye kufuli. Pactor ya kwanza ilitoka Ujerumani mwaka 1991, na wengine waliweza kuiunda kwenye vifaa vyao. Zilizofuata, yaani Pactor 2, 3 na 4, zikafungiwa ndani ya modemu za kampuni moja, SCS. Modemu ya Pactor 4 imeuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Piga hesabu ya bumu lako mwenyewe! Halafu kanuni za ITU zinasema mawasiliano ya ridhaa kati ya nchi na nchi yasifichwe maana yake. Watetezi watasema hawajaficha kitu, ni mbinu tu ya kubana na kupanga data. Sawa, kisheria wanaweza kushinda. Lakini kwa miaka mingi aliye kando hakuweza kusoma mpaka anunue kisanduku kile kile; kwake tofauti ilikuwa wapi?

"Bila kampuni nani angefanya utafiti?" Hilo swali nalipenda sana. Joe Taylor, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1993, alishirikiana na Steve Franke kutengeneza FT8, ikatoka 2017 na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Inanasa ishara iliyozama chini ya makelele. Muda si mrefu Jordan Sherer akajenga JS8Call juu ya kazi hiyo, watu wakaanza kuandikiana sentensi. Hakumpigia mtu magoti. Ni ya polepole, nakiri, usitegemee kutuma picha nayo. VARA je? Ya Mhispania, inatumia kadi ya sauti ya kompyuta, na leseni ya spidi kamili imekuwa dola 69. Nafuu sana, ila nayo tumboni mwake hatuoni.

Baharia aliye peke yake katikati ya bahari anunue Pactor yake, simlaumu hata kidogo, spidi anaihitaji. Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa fizikia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikayumba Tanzania nzima, na watu walihaha jamani. Kitu cha kutusaidia siku kama ile kinatakiwa kiwe kile tunachoweza kukifungua, kukitengeneza na kukifundisha wenyewe. Nikisimama mbele ya kidato cha tatu nataka nimwonyeshe mtoto mlio huu ni herufi ipi, auvuruge, kisha aurudishe. Kisanduku kilichofungwa skrubu na siri za biashara nitakifundishia nini, rangi yake?

Wahandisi, hoja zenu nazisubiri pale kantini, na msije na bei tu. Kesho nina testi ya saikolojia ya elimu na sijagusa hata desa moja. Nalala.