Mchagua Nazi Mlangoni mwa Kanisa

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Wao walikuwa wakizungumzia soko na jiko, lakini usemi huo wafaa leo kusomwa mbele ya milango ya makanisa yetu, Mombasa, Dar es Salaam na hata hapa Unguja. Mkristo wa pwani huambiwa kuwa amebarikiwa kuliko babu yake, kwa sababu anayo makanisa mengi ya kwenda, wahubiri wengi wa kuwasikiliza redioni na katika simu yake, na tafsiri nyingi za Biblia za kusoma. Nami nadai kwamba wingi huo, kwa jinsi tunavyoutumia, umekuwa mzigo mabegani mwa muumini, na kwamba wale wanaoupigia debe kwa jina la uhuru wanamdanganya.

Niruhusu, msomaji, nianzie kwenye kazi niijuayo, yaani tafsiri. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Hapa Unguja, Edward Steere akajenga juu ya msingi wa lahaja ya Kiunguja, na Biblia nzima kwa lahaja hiyo ikatoka mwaka 1891. Wenzetu wa Mvita wakapata yao mwaka 1914. Karl Roehl, aliyeona kwamba maneno ya asili ya Kiarabu yamezidi, akatoa Biblia yake mwaka 1937 baada ya kuyapunguza. Mwaka 1952 ikaja Biblia ya Muungano, iliyokusudiwa kuwakutanisha wasomaji wa Unguja na wa Mvita katika kitabu kimoja. Kisha ikaja Habari Njema katikati ya miaka ya 1990, na Neno pia. Kila moja kati ya hizo ilikuwa na hoja yake, wala sina ugomvi na hata moja.

Ugomvi wangu ni na mkono unaozifungua. Mhubiri huchukua aya ya kwanza kutoka tafsiri hii na ya pili kutoka tafsiri ile, si kwa kuwa amezilinganisha akaona ipi imeshika maana, bali kwa kuwa ile ya pili inamfaa kwa alilokwisha kuliamua kabla hajapanda mimbari. Msikilizaji naye hujifunza mwendo huo huo. Aya ikimkemea, huitafutia tafsiri iliyo laini zaidi. Vitabu vilivyoandikwa ili vimfikishe msomaji kwenye neno vimegeuzwa maficho ya kulikimbia.

Mfasiri hana anasa hiyo. Akikutana na neno la upendo katika Kiyunani, mbele yake yapo mahaba, mapenzi, huba na upendo, na yote ni maneno mema ya Kiswahili. Lazima achague moja na ayaache mengine. Akiyaandika yote manne, moja juu ya jingine, atakuwa hajafasiri. Atakuwa na rasimu tu.

Katika historia ya kisiwa hiki upo mfano ninaoupenda. Steere alipokuwa akijifunza Kiswahili, Sheikh Abdul Aziz, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kazi ilifika Zaburi ya kumi na sita. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa watu ambao Steere alikusudia kuwaandikia. Steere akakiacha, lakini zile Zaburi akazipiga chapa, ili ziwe kumbukumbu ya hisani ya Sheikh na kielelezo cha lugha yake tukufu. Huko ndiko kuchagua kwa kweli: mtu huacha kitu chema, akijua kuwa ni chema, ili apate kimoja cha kukaa nacho. Tunachokiita uchaguzi siku hizi hakiachi kitu. Kila kilichokataliwa Jumapili hii huwekwa akiba kwa Jumapili ijayo.

Nitajibiwa: je, wataka turudi zama za wamisionari? Hoja hii ni nzito, nami siikwepi. Ni kweli kwamba wamisionari waligawana nchi. Aliyezaliwa Kilimanjaro mahali pa Walutheri akawa Mlutheri, aliyezaliwa Dodoma mahali pa Waanglikana akawa Mwanglikana, na aliyezaliwa nyanda za Mbeya mahali pa Wamoraviani akawa Mmoraviani. Na pale Mkunazini, ambapo soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa juu ya uwanja wake, wale waliokombolewa hawakuzunguka wakipima madhehebu. Imani aliyopangiwa mtu kwa ramani ina haki ya kuulizwa maswali. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inamlinda mtu katika dini yake na katika kuibadili, nami sitaki nukta moja iondolewe humo. Asiyeweza kukataa, kukubali kwake hakuna uzito.

Lakini haki ya kuchagua ni jambo moja, na kuishi kwa kuchagua-chagua ni jambo jingine. Sheria imeruhusu talaka, na ni vyema imeruhusu, maana ziko nyumba zisizokalika. Hata hivyo, anayekwenda kuoa huku jicho lake likiitazama talaka hajaoa, ijapokuwa watu wamekula pilau.

Watazame Walokole wa kwanza. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya na Tanganyika, ulimtaka kila mtu aamue mwenyewe. Kuzaliwa katika nyumba ya Kikristo hakukutosha. Hakuna waliosisitiza uamuzi kuliko wao. Lakini wengi wao walibaki katika makanisa yao yale yale, miongoni mwa waliowacheka, wakitubu hadharani na kuwakemea wachungaji wao uso kwa uso. Uamuzi wao uliwazamisha ndani zaidi. Wa siku hizi humtoa mtu nje mara tu kwaya inapomchosha.

Wapo wanaopenda ushahidi wa wataalamu. Mwaka 2000, Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio lililofanyika katika duka moja huko California. Wateja waliosimama kwenye meza yenye jemu za aina 24 walinunua kiasi cha watu 3 tu katika kila 100; waliosimama kwenye meza ya aina 6 walinunua kiasi cha 30 katika kila 100. Baadaye, mwaka 2010, wengine walijumlisha majaribio mengi ya namna hiyo wakaona kwamba matokeo hayo hayajitokezi kila mahali. Na iwe hivyo. Mimi siijengi hoja yangu juu ya jemu. Jemu ina ladha yake kabla hujainunua, ilhali imani haionjwi kwa ncha ya kijiko. Ladha yake huja kwa kukaa, kwa kufunga na kusamehe, na kwa kuketi miaka ishirini karibu na mtu usiyempenda.

Maandiko yenyewe yanalijua jambo hili. Yoshua aliwataka watu wachague siku ile ile, nao walipochagua alisimamisha jiwe liwe shahidi. Eliya pale Karmeli aliwakejeli waliokuwa wakichechemea baina ya pande mbili. Na Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba si wao waliomchagua. Neno ambalo Kanisa lililitumia kwa uzushi, hairesis, asili yake katika Kiyunani ni kuchagua. Wazee wale hawakuuchukia uhuru. Waliona tu kwamba mtu aweza kujichagulia vipande vya kweli mpaka asibaki na kweli yoyote iwezayo kumkosoa.

Wapenzi wa ushairi, ambao wengi wenu si Wakristo, mtanielewa upesi. Katika mgogoro wa miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, tuligombana juu ya vina na mizani. Lakini pande zote mbili zilikuwa na watu waliokwisha kuchagua, na kila upande ulibeba gharama yake. Anayebadili bahari katika kila mshororo hana upande wowote katika mgogoro ule, kwa kuwa hana shairi.

Na madhara yako wapi? Yako kwa mgonjwa. Pale ambapo kila kitu ni uchaguzi, msiba nao huwa ni kosa la kuchagua. Mama aombewaye asipone huambiwa kwamba alikosea kanisa, au alikosea sadaka. Basi na ajaribu kwingine. Hubeba ugonjwa, na juu yake hubeba hatia ya kutochagua vizuri. Yako pia msibani. Aliyepita makanisa manne katika miaka kumi akifa, nani atakayejua wimbo alioupenda? Wachungaji wanne walipokea zaka yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kitandani pake. Mara nyingi jirani Mwislamu ndiye anayefika kwanza, kwa sababu yeye hakuhama.

Basi nawaambia wachungaji: acheni kuwanasa kondoo wa zizi la jirani kisha mkaita mavuno. Nanyi waumini, pimeni, ulizeni, kataeni panapostahili kukataliwa, kisha kaeni. Nazi haikunwi mpaka ivunjwe, na ikishavunjwa hairudi sokoni.