Mudomo ujue kuonja, si kusoma etiketi

Katika ndoa za muji wetu wa Lubumbashi kumeingia desturi moja ambayo sisi, tunaojali mila, hatuwezi kuinyamazia. Kwenye meza ya maarusi na ya wakwe lazima chupa za divai zionekane, hata kama familia inakopa pesa kwa kuzinunua. Munkoyo, ambao wamama wameutayarisha tangu juzi, unafichwa nyuma ya nyumba pamoja na masufuria. Ukiuliza sababu, utajibiwa: «Munkoyo njo ya batu ba mugini. Bageni batatucheka.»

Hatusemi divai ni mbaya. Tunasema hivi: mutu anayeweka kinywaji juu ya meza kwa sababu ya jina lake, bila kukionja na bila kufikiri chakula, hajaonyesha ustaarabu. Amenunua macho ya watu.

Haya hiyo ina historia. Wakati wa Wabelgiji, kwa miaka mingi sheria ilimukataza mutu mweusi kunywa divai na pombe kali. Bia ndiyo iliruhusiwa. Divai ilikuwa ya muzungu, kisha ikawa alama ya yule aliyeitwa «évolué». Uhuru ulifika 1960, Elisabethville ikaitwa Lubumbashi 1966, lakini chupa ilibaki na cheo chake. Tulipokea chupa, hatukupokea ujuzi wake.

Tuchukue divai nyeupe, ile tunaita «sec». Maana yake ni kwamba sukari ya zabibu, karibu yote, imegeuka pombe. Nyingine zinatoka Afrika ya Kusini, zimetengenezwa na zabibu za Chenin blanc, ambazo huko zinapandwa kuliko aina zote. Kuionja si uchawi. Ipoze vizuri, mimina kidogo, angalia rangi, nusa, kisha shika funda moja mudomoni mbele ya kumeza. Mate yakija pembeni mwa ulimi, huo ndio uchachu wake. Uchachu huo unafanya kazi ya ndimu: unakata mafuta. Kwa hiyo divai hiyo inapatana na samaki mubichi wa Kasenga aliyekaangwa, ao na kuku asiye na viungo vingi. Lakini ukiileta pamoja na michopo yenye pilipili kali, pombe inaongeza moto. Ukiileta na keki, sukari ya keki inaifanya ionekane kali sawa siki.

Na sisi tunafanya nini? Ni saa ya keki tunaimimina, tena ikiwa vuguvugu, katika joto la mwezi wa kumi! Mugeni anaonja, anakunja uso, anasema: «Iko mukali hii,» halafu anaongeza Fanta ndani. Pesa ya deni imeishia katika Fanta. Sasa nani amemucheka nani?

Tuangalie tena munkoyo. Mama anapika uji wa mahindi na kuacha upoe kidogo, sababu ukiwa bado unachemka nguvu ya muzizi inakufa. Ndipo anatia mizizi iliyopondwa. Muzizi unageuza wanga kuwa sukari, na uji uliokuwa muzito unakuwa mwepesi, mutamu. Anauchuja, anaulaza. Mwanzoni utamu unazidi, na watoto wanakunywa. Siku zikipita uchachu unapanda, na pombe kidogo inakuja. Kila mara mama anaonja na kuamua: huu ni wa watoto, huu utakwenda na bukari na samaki wa kukauka, huu umepita kiasi. Basi, huko si kuonja? Huko si kupatanisha kinywaji na chakula? Ni elimu ile ile, ila haikupewa diploma.

Wengine watatupinga: munkoyo haukai, na pengine hautengenezwi katika usafi. Ni kweli haukai. Samaki mubichi naye hakai, na hatujaacha kumula. Juu ya usafi, tuchemshe maji na tuoshe vyombo. Bilauri chafu haiponi kwa kutiwa divai ya Ufaransa.

Hatari iko mahali pengine. Vijana tunaowafundisha wanaweza kutaja Bordeaux na Bourgogne, lakini wengi hawawezi kutambua muzizi wa munkoyo wakiuona sokoni. Pori linalozunguka muji linakatwa kwa makala, na mizizi inatafutwa mbali zaidi. Siku wamama wanaojua wataondoka, hakuna duka litakalotuuzia ujuzi wao.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Familia inayopanga ndoa iulize kwanza: «Tutakula nini?», kisha ndiyo ichague kinywaji. Divai ikinunuliwa, iwe kwa kiasi cha mufuko, ipozwe, iende na samaki, si na keki. Na munkoyo utoke nyuma ya nyumba, uwekwe katika jagi safi juu ya meza kubwa, mbele ya wakwe, na musichana wa nyumba aweze kueleza namna ulivyotengenezwa.

Na mugeni atakayecheka, apewe kikombe. Aonje kwanza, ndipo aseme.