Chembe Kilichopinda

Mpwa wangu aliyehamia Marekani ameniandikia barua. Huko kuwinda kwa uta kwaruhusiwa kwa leseni, naye ameupenda mchezo huo. Aliniuliza: “Mjomba, kulungu nikimpiga mshale akafa kabla sijamfikia kumchinja, ni halali?”

Niliisoma barua ile barazani baada ya Isha. Mzee mmoja akakata shauri: “Apige Bismillahi, basi. Mengine ni ya fundi, si ya dini.” Wengi waliafiki. Mimi sikuafiki, na leo nataka kutoa hoja yangu.

Sisi wa chuoni twaijua hadithi ya Adiy bin Hatim. Mtume (S.A.W.) alimfundisha, kwa maana yake, kwamba mnyama aliyeuawa kwa makali ya silaha, na jina la Mungu likatajwa, huliwa, aliyeuawa kwa ubavu wake ni kama aliyepigwa gongo, haliwi. Na Sura Al-Maida imemharimisha aliyekufa kwa kipigo. Basi ikiwa hukumu yaanzia kwenye makali, itakuwaje aliyeyatia makali hayo asihusike?

Wazee wetu walikuwa na jina la kila kiungo: uti wa mshale ni wano, chuma cha mbele ni chembe, kamba ya uta ni upote, mfuko wa mishale ni podo. Mpwa wangu hakuyajua. Chembe alikiita “kisu cha mbele”. Simlaumu. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na neno lisilo na kazi husahauliwa.

Kazi yenyewe lakini aliieleza vizuri. Wano lake ni la mwerezi. Ncha huchongwa mfano wa penseli, mchongo wa nyuzi 5, ipate kuingia sawasawa katika tundu la chembe. Gundi huyeyushwa kwa moto, ikapakwa nchani. Chembe hupashwa kidogo, kikasukumwa huku kikizungushwa mpaka kikae. Kisha mshale husimamishwa kwa ncha juu ya meza, ukazungushwa kama pia. Ukitikisika, chembe kimekaa upande; hupashwa tena, kikageuzwa kabla gundi haijaganda.

Akaongeza kuwa baadhi ya wenziwe huona uvivu kurudia. Husema manyoya ya nyuma yataunyosha mshale hewani.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Chembe kipana hushika upepo kama tanga, na manyoya ni usukani. Nahodha gani asiyejua kuwa tanga likifungwa kombo, usukani hutaabika? Mshale ule utakwenda mrama. Badala ya kupasua kifua utampiga mnyama paja au tumbo, naye atakimbia na maumivu akafie vichakani, asiliwe na mtu.

Sisemi nyama huharamika kwa chembe kupinda tu. Hukumu huangalia jeraha, nami si mufti. Lakini anayejua kuwa mshale wake umepinda, kisha akauachia, amemtesa kiumbe kwa uvivu, na Bismillahi yake haiufuti uvivu huo.

Mzee wangu wa barazani na akumbuke pia hadithi ile isemayo kuwa kwa mshale mmoja watu watatu huingia Peponi: aliyeutengeneza akitaraji kheri, aliyeutupa, na aliyempa mtupaji. Ingawa imehusu jihadi, aliyetajwa kwanza ni fundi. Vipi basi tuseme ya fundi si ya dini?

Nimemjibu mpwa wangu hivi: Mwanangu, ukimwahi yu hai, mchinje. Akitangulia kufa kwa makali ya mshale uliousomea, mle. Lakini usingoje kuvuta upote ndipo umtaje Mola wako. Mtaje pale mezani, gundi ikiwa bado ya moto, na chembe chaweza kunyoshwa.