Kwa nini wahadhiri husita kufundisha ujasiriamali kwa michezo?

Mzazi anayeuza ng'ombe kulipa ada ya chuo kikuu anatarajia mtoto arudi akijua kuendesha biashara, si kukariri tu maana ya mtaji.

Mchezo unaweza kusaidia. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika mafunzo yake ya biashara ndogo, lina mchezo ambao washiriki hununua malighafi, hutengeneza bidhaa, huuza, kisha huhesabu kilichobaki. Anayekula mtaji huona duka lake likifa palepale, bila kupoteza shilingi ya kweli.

Mbona basi wahadhiri husita? Darasa la wanafunzi mia tatu haligawanyiki kirahisi katika vikundi. Mtihani hupima maandishi. Kupanda cheo hutegemea zaidi machapisho ya utafiti. Tena wapo wanaoogopa kuambiwa wanacheza badala ya kufundisha.

Kwa hiyo tusimlaumu mhadhiri peke yake. Chuo kikitoa alama kwa kazi ya vikundi na kuongeza wasaidizi, woga utapungua. Mchezo haumpi mhitimu mtaji wala soko, lakini humfundisha kutenganisha fedha ya duka na ya chakula.

Mwanao akija likizo, muulize: mwaka huu umejifunza kuuza nini?