Tiba na Madhara kwa Mlango Mmoja

Thalidomidi iliuzwa Ujerumani Magharibi tangu mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, ikaondolewa sokoni mwaka 1961 kwa kuwa watoto walizaliwa bila mikono au miguu kamili. Leo dawa hiyo na nduguye lenalidomidi hutibu mieloma, saratani ya uboho. Thalidomidi hutuliza pia mmenyuko mkali wa ukoma. Wengi hudhani kuwa sumu yake ilikwisha tolewa. Haikutolewa.

Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionesha kuwa thalidomidi hujishikiza kwenye protini iitwayo serebloni. Serebloni husaidia kuchagua protini za kutiwa alama ya ubikwitini, na zilizotiwa alama husagwa na proteasomu, kinu cha taka cha seli. Dawa huibadilisha serebloni uso, nayo ikaanza kukamata protini ambazo kwa kawaida ingeziacha zipite. Katika mieloma hukamatwa Ikarosi na Ayolosi, ambazo seli ya saratani huzitegemea ili iishi. Katika kijusi hukamatwa SALL4, inayohitajika viungo viumbike.

Kwa hiyo kipimo cha mimba na uzazi wa mpango si urasimu wa dirisha la dawa. Mgonjwa aelezwe sababu, asipewe katazo tupu. Mwanamume naye avae kondomu, maana dawa hupita katika shahawa. Vidonge vilivyobaki asigawiwe jirani, hata akiugua ugonjwa uleule, virudishwe vilikotoka.