Ranger yaipiku Hilux Australia, Simiyu bado ngoma nzito

Mwaka 2023 Ford Ranger iliipiku Toyota Hilux kwa mauzo Australia. Simiyu, pikapu hupimwa kwanza kwa spea.

Hilux ipo sokoni tangu 1968. Zile za zamani zenye injini ya dizeli ya 3L au 5L hazina mambo mengi ya umeme, fundi wa mtaani anaifungua kwa spana zake tu. Ranger ya sasa ina nguvu na inatulia barabarani, hilo halina ubishi. Ila taa ikiwaka kwenye dashibodi, inatakiwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Uko Meatu, msimu wa pamba umeanza, gari limelala siku tatu: hiyo ni hela imekwenda. Na ukitaka kuuza, Toyota haikosi mteja.

Lami ya Lamadi, Bariadi, Maswa hadi Mwigumbi imepunguza hofu ya mashimo, kwa hiyo wapinzani wana upenyo. Anayeweza kuutumia ni Isuzu: D-Max inaunganishwa Nairobi, na mafundi wameshazoea malori yake. Ford aanze na duka la spea Bariadi, mabango baadaye.