Mwarobaini, Mama Mkwe na Mimba Yako

Mwezi huu tuyaache maua ya waridi, tuongelee majani machungu. Kuna ndoa zinanuniana kwa ajili ya sufuria la mwarobaini, na mimi barua za aina hii nimeshazizoea. Mke ni mjamzito, mama mkwe kachemsha, "Kunywa mwanangu, usafishe damu." Mke anasita. Mume naye: "Mama kanilea mimi kwa dawa hii hii, atakosea vipi?"

Jibu langu ni moja: usinywe. Wala sidharau dawa zetu. Nakukataza kwa sababu mwarobaini unafanya kazi kweli.

Mti hauna miguu, jamani. Mdudu akija kuutafuna hauna pa kukimbilia, kwa hiyo unajitengenezea kemikali za kujilinda. Ukali wa pilipili ni huo huo, harufu ya karafuu ni hiyo hiyo, hata kafeini ya kahawa unayokunywa ofisini. Mwaka 1959, Mjerumani Heinrich Schmutterer alikuwa Sudan nzige walipovamia. Walifyeka majani ya miti mingine, mwarobaini wakauacha. Mwaka 1968 wataalamu Uingereza wakaitoa kwenye mbegu zake kemikali inayoitwa azadiraktini. Mdudu akiionja, hamu ya kula inaisha. Akiimeza, homoni za kujivua ngozi zinavurugika, anakufa kabla hajakomaa. Profesa Steven Ley na wenzake wa Cambridge walihangaika miaka 22 mpaka wakaweza kuiunda maabara, mwaka 2007. Mti ulioko nyuma ya nyumba yenu unaitengeneza kila siku, tena bila umeme!

Na hiyo ni kemikali moja tu kati ya nyingi zilizomo. Kwenye majaribio ya panya, dawa zilizokamuliwa kutoka mwarobaini zimeharibu mimba na kudhoofisha mbegu za kiume. Panya si mtu, sawa. Lakini watoto wadogo walionyweshwa mafuta ya mwarobaini wamewahi kupata degedege, na wengine wakafariki. Sasa wewe unayepiga glasi kila asubuhi huku mnatafuta mtoto, eti unasafisha mwili, hebu pumzika kwanza. Na mjamzito akishikwa na homa, ni kwenda kupima malaria siku hiyo hiyo, si kusubiri sufuria lichemke.

Kaka, hapa ndipo ninapokuhitaji. Usimwachie mkeo kazi ya kumkatalia mama yako. Ataonekana ana kiburi. Mwite mama pembeni, mshukuru, mwambie daktari wa kliniki kakataza dawa yoyote asiyoiandika yeye. Halafu mwombe akufundishe anavyohifadhi mahindi kwa majani hayo yasibunguliwe. Hapo mwarobaini hauna mpinzani, na mama atapata la kufundisha.